Mzee Kotekote na Kiti cha Kushoto

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na robo alasiri, rubani msaidizi mwandamizi wa kampuni yetu, ambaye karibu sote tunamwita Mzee Kotekote, atazima injini za ndege kwa mara ya mwisho na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Siku hiyo hiyo atakuwa anatimiza miaka sitini. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake katika jarida hili, na sababu niliyopewa ni kwamba hapa kazini hakuna aliyezungumza naye mara nyingi kuliko mimi. Hilo ni kweli, ingawa mazungumzo yetu mengi hayakuzidi maneno matatu.

Mimi ni mpangaji wa zamu. Kwa miaka kumi na sita, kila siku ikifika saa kumi jioni, ninakaa kwenye meza iliyo karibu na dirisha linalotazama maegesho ya ndege, ninashika simu na kuwaambia marubani kazi yao ya kesho. Wengi ninawatajia saa na safari tu, kwa kuwa viti vyao wanavijua. Kapteni hukaa kushoto, naye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Rubani msaidizi hukaa kulia. Lakini liko kundi la tatu, dogo, la marubani wasaidizi waliosomea ukapteni na kufaulu mitihani yake yote, ila hupewa ndege siku zile tu wanapohitajika: kapteni mmoja ameugua, mwingine yuko likizo, au safari zimezidi watu. Kwenye makaratasi wanaitwa makapteni wa muda. Kwenye korido wanaitwa makapteni nusu. Leo mtu anaamuru, kesho anaamriwa, keshokutwa hajui. Ndiyo maana Mzee Kotekote hakuwa na salamu ndefu kwenye simu. Aliuliza tu, “Upande gani?” Nami nikamjibu kushoto au kulia, akasema ahsante binti, akakata.

Alijiunga nasi akiwa na miaka ishirini na sita, akitokea kwenye kazi ya kupulizia dawa mashamba kwa ndege ndogo, kazi ambayo mwenyewe husema ilimfundisha kuheshimu nyaya za umeme. Alianza kama rubani msaidizi kwenye ndege zetu za zamani za pangaboi, zile ambazo mafundi wanazikumbuka kwa mapenzi na abiria wanazikumbuka kwa masikio. Zilipoondoka zile, akahamia hizi za sasa. Mwaka wa kumi na tano kazini alifanya mitihani ya ukapteni pamoja na wenzake wanane, akawa wa kwanza. Mkaguzi aliyempima aliandika chini ya karatasi yake sentensi fupi kwamba mtu huyu anaweza kukaa popote. Jina la Kotekote lilizaliwa hapo.

Asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kuwa kapteni nusu anafanya nusu ya kazi. Anafanya kazi mbili. Kila baada ya miezi sita wenzake walipimwa kwenye kiti kimoja, yeye akapimwa kwenye viwili. Mkono wa kushoto unaoshika usukani leo, kesho lazima ukumbuke kwamba usukani sasa ni wa mkono wa kulia. Akili nayo ina kazi yake: leo useme “tunakwenda,” kesho useme “Kapteni, ningeshauri tusiende,” na maneno yote mawili yatoke kinywani bila kinyongo. Mzee Kotekote aliishi hivyo kwa miaka kumi na tisa. Hajawahi kuchubua hata rangi ya ndege.

Mkewe ni mwalimu wa hesabu, nasi ofisini tunamwita Mwalimu. Ndiye aliyemshonea kile kifuko cha kitambaa cha kijivu ambacho kila mtu hapa amekiona. Kina mifuko miwili. Ule uliozungushiwa uzi mwekundu umebeba vitambaa vya mabegani vyenye mistari minne, vya ukapteni. Ule wa uzi wa buluu umebeba vya mistari mitatu. Saa kumi jioni simu ikilia, Mwalimu husikia jibu, hutoa vitambaa vya siku inayofuata na kuvivisha shati lililokwisha kupigwa pasi, na vile vingine hubaki kifukoni, iwapo mambo yatabadilika. Mzee hupenda kusema kwamba kazini ana mistari mitatu au minne, lakini nyumbani hana hata mmoja, kapteni wa kule ni wa kudumu na hana likizo.

Binti yao alipokuwa darasa la pili alipewa fomu ya kujaza kazi ya mzazi. Akaandika kwamba baba yake ni kapteni Jumanne na Alhamisi. Mwalimu wa darasa akaita wazazi, akihofia kuna jambo nyumbani. Mzee alikwenda, akaeleza, na akaomba abaki na ile fomu. Amenionyesha. Ameiweka pamoja na vyeti vyake vya urubani, na imekunjwa kwa uangalifu kuliko vyeti.

Wiki ya kwanza baada ya kufaulu ukapteni, alifanya kosa ambalo mtu wa kundi lake tu ndiye anayeweza kulifanya. Alikuwa amekaa kushoto siku tatu mfululizo. Siku ya nne zamu ilimweka kulia. Akaingia chumba cha marubani akiwa na mawazo yake, akakaa kushoto, akavuta kiti, akafunga mkanda, akaanza kukagua vyombo. Kapteni mwenyewe alipofika alisimama mlangoni na begi lake mkononi, akangoja. Mzee akamwambia kwa upole, bila kugeuka, “Karibu, kaa.” Tangu siku hiyo alijiwekea desturi. Kabla ya kuvuka mlango wa chumba cha marubani husimama kidogo, hupeleka mkono wa kulia kwenye bega la kushoto na kuhesabu mistari kwa ncha ya kidole. Wahudumu wapya walidhani anaomba dua. Mmoja alimhurumia kwa muda wa mwezi mzima, mwishowe akamletea dawa ya kuchua bega. Mzee aliipokea kwa shukrani na, kwa mujibu wa Mwalimu, aliitumia kwenye goti.

Kuna jambo jingine alilotuachia, nalo sasa liko kwenye ukuta wa chumba cha maandalizi, limeandikwa kwa herufi kubwa: SHIKAMOO NI YA NJE YA MLANGO. Wengi wa makapteni waliompata kulia kwao walikuwa wadogo zake kwa umri, na wengine aliwafundisha yeye mwenyewe. Kijana anaingia na mistari minne, anamkuta mzee mwenye mvi ana mitatu, anamwamkia, naye anaitikia marahaba. Mpaka hapo adabu imetimia. Hatari inaanza pale kijana anapoendelea kumwamkia kwa macho wakiwa angani, akimtazama usoni kabla ya kila uamuzi kama anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Basi Mzee akawa anawaambia mapema: marahaba nimeshaitikia, na ukishavuka mlango huu mimi si mzee wako tena, mimi ni rubani msaidizi wako, niamuru. Na akishasema hivyo, alitii. Nimesikia makapteni watatu kwa nyakati tofauti wakisema kwamba walijifunza kuamuru kwa kutiiwa na yeye.

Sasa nifike pale ambapo wasifu huu ulinishinda kuuandika kwa furaha tupu kama nilivyoagizwa.

Kwa miaka mingi liko neno lililotembea kwenye korido zetu, kwamba Mzee Kotekote aliogopa mstari wa nne. Kwamba alipewa nafasi ya ukapteni wa kudumu akaikataa, akapenda maisha ya nusunusu yasiyo na lawama. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi mwenyewe nimelirudia neno hilo mara nyingi, nikinywa chai, nikicheka. Ninaomba radhi mbele yenu nyote, kwa sababu hili halikuwepo, na aliyelizaa ni mimi.

Wiki tatu zilizopita nilishuka kwenye chumba cha kumbukumbu kutafuta tarehe za kazi yake. Ndani ya jalada lake nilikuta fomu ndogo ya mabadiliko ya zamu, ya miaka kumi na sita iliyopita, yenye mwandiko wake: “Tumebadilishana viti kwa ombi langu.” Nyuma yake kulikuwa na ukurasa wa kamati ya kupandisha vyeo. Kamati ilikuwa imeisoma ile fomu, na chini yake ikaandika kwamba mhusika haonyeshi hamu ya ukapteni wa kudumu. Sentensi hiyo ilinakiliwa mwaka uliofuata, na mwaka ule mwingine tena, hadi alipofika hamsini, umri ambao baada yake kampuni haipandishi mtu. Nikaitazama tarehe ya fomu. Ilikuwa mwezi wangu wa tatu kazini. Nikaenda kwenye rafu ya chini, nikatoa daftari la simu la mwaka ule, nikapekua. Mwandiko ulikuwa wangu, mviringo, wa msichana aliyetaka kuonekana nadhifu.

Siku zile nilikuwa na barua moja ya onyo. Nilistahili. Nilikuwa nimepeleka wahudumu wa safari mbili kwenye ndege moja, na ndege ya pili ikabaki imekaa kama bibi harusi aliyekosa bwana. Mkuu wa ofisi yetu wa wakati ule aliniambia waziwazi kwamba kosa la pili ndilo la mwisho. Nilikuwa ninamtunza mama yangu mgonjwa na sikuwa na pengine pa kwenda.

Wakati huo huo kampuni ilikuwa na nafasi moja ya kapteni wa kudumu. Sharti lilikuwa saa mia tano za kuongoza ndege kutoka kiti cha kushoto, na orodha ilikuwa inafungwa Jumamosi. Makapteni nusu wawili walikaribia. Mzee Kotekote alikuwa na saa mia nne tisini na saba. Mwenzake, kijana tuliyemwita Mrefu kwa sababu isiyohitaji maelezo, alikuwa na mia nne tisini na nane. Ilibaki safari moja tu kwa wote wawili, ya Ijumaa asubuhi, ambayo kwenda na kurudi huchukua karibu saa nne angani. Wakuu wakaamua kwa haki: Mzee alimtangulia mwenzake kazini kwa miaka tisa, basi yeye akae kushoto na Mrefu akae kulia. Karatasi ikaletwa mezani kwangu ikiwa imeandikwa hivyo, na marubani hao wawili wakawa wanangoja simu yangu.

Daftari linasema hivi. Saa kumi na dakika tano, Mzee Kotekote, kushoto. Saa kumi na dakika arobaini, Mrefu, kushoto. Katikati ya simu hizo mbili safari tatu zilibadilishwa, watu wawili walikuja kunifokea, nami nikasoma mstari usio wake. Basi. Kosa lenyewe lilichukua muda wa kutamka neno moja.

Asubuhi yake, mimi nikiwa nyumbani nimelala usingizi wa mtu asiyejua alichokitenda, wanaume wawili wenye mistari minne walikutana kwenye meza ya chumba cha maandalizi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa chombo kilikuwa hata hakijaondoka. Njia ya kawaida ilikuwa kumwita meneja wa zamu, kuitisha karatasi na kuandika taarifa. Karatasi ingempa Mzee haki yake ndani ya dakika tano. Taarifa ingenipa mimi barua yangu ya pili. Haya yote Mzee aliyajua, kwa kuwa habari ya onyo langu ilikuwa imeshazunguka jengo zima.

Mrefu amenisimulia yaliyofuata. Anasema Mzee alimtazama mabegani, akatazama kiatu chake kilichong'arishwa mno, akasema samahani kidogo. Akaenda dirishani, akawapa watu mgongo, akafungua kile kifuko cha kijivu. Alikaa pale muda ambao Mrefu aliuona mrefu kwa kazi ya vitambaa viwili. Aliporudi alikuwa na mistari mitatu. Akasimama upande wa kulia wa meza na kusema, “Kapteni, hali ya hewa ni njema, na abiria ni mia moja na sita.” Mrefu akaamini kwamba mzee alikuwa amechanganya tu siku, na kwa heshima hakuligusia jambo hilo. Walikwenda, wakarudi. Mchana Mzee akajaza ile fomu ya mstari mmoja, ili karatasi ya zamu na kitabu cha ndege visije vikapishana mtu akaanza kuuliza. Jumatatu Mrefu akapewa kiti.

Na wala hakumwachia kiti tu akaenda zake. Miezi miwili baadaye walipangwa pamoja, Mrefu kushoto akiwa bado mgeni wa cheo chake, Mzee kulia. Wakakuta mvua nzito mahali walipokuwa wanatua. Mrefu anakiri kwamba alitaka kutua kwa sababu aliona aibu kushindwa mbele ya mtu aliyemheshimu. Mzee alimwambia mara ya kwanza kwamba barabara ya kutulia ndege haionekani. Akamwambia mara ya pili, kwa cheo chake, “Kapteni, barabara haionekani, nashauri tupae.” Mrefu akapaa. Wakazunguka, wakaenda kutua kiwanja kingine, abiria wakanuna na wote wakafika salama. Waliposhuka Mrefu alitaka kumwomba msamaha, naye akamjibu kwamba kapteni haombi msamaha kwa uamuzi sahihi, bali hutia sahihi kitabu cha ndege na kwenda kula. Leo Mrefu ndiye mkuu wa marubani wote wa kampuni hii. Ninayaandika haya kwa ridhaa yake, na nusu ya ukurasa huu ameisahihisha yeye.

Nilipokwisha kuliona daftari nilikwenda nyumbani kwao. Ni nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo, na sebuleni kuna meza ambayo Mwalimu husahihishia madaftari. Nililiweka daftari langu juu ya yale ya wanafunzi, nikalifungua kwenye ukurasa wa siku ile. Mzee alivaa miwani, akasoma, akacheka kidogo. Akasema anakumbuka kuwa siku ile anga lilikuwa safi sana. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akanijibu kwamba pale dirishani alipiga hesabu, akaona kwamba yeye akikosa kiti bado atakuwa rubani, na mimi nikikosa meza sitakuwa kitu. Alidhani nafasi nyingine ingekuja mwakani. Hakujua kabisa habari ya sentensi ya kamati. Nilipomweleza kwamba maneno yake mawili, “ombi langu,” ndiyo yaliyomfungia mlango miaka yote ile, alivua miwani. Ndipo nilipoona ni kiasi gani alikuwa amekitaka kile kiti.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alijua tangu mwanzo. Shati lililotoka nyumbani na mistari minne lilirudi na mitatu, na mwalimu wa hesabu hadanganyiki kwa kutoa moja. Alimbana mumewe mpaka akasema. Akaniambia kwamba alilia siku ile, na kwamba hakunipenda. Hapo nikakumbuka. Mwaka wangu wa kwanza, kila nilipopiga simu na kumkuta yeye, alinijibu kwa sauti ya barafu, “Nitamwambia,” na kukata. Nilidhani ni tabia yake. Kisha siku moja, baada ya mwaka hivi, aliniuliza mama yangu anaendeleaje. Sikujua kwamba siku hiyo nilikuwa nimesamehewa.

Mzee aliniomba nisiandike jambo hili. Alisema tenda wema uende zako, na yeye alikwishakwenda zamani. Mwalimu akasema, “Andika.” Mnajua nani ni kapteni pale nyumbani.

Kwa hiyo nimeandika. Siwezi kumrudishia zile saa. Siku ile aliyeongoza ndege ni Mrefu, na kitabu cha ndege hakisemi uongo. Siwezi kuigeuza miaka kumi na sita niliyompigia simu kumwambia kulia, siku ambazo haki ilikuwa kushoto. Ninachoweza ni kulifuta neno la korido mbele ya wote waliolisikia. Mzee Kotekote hakuogopa mstari wa nne. Aliuvua mwenyewe, dirishani, ili binti asiyemfahamu abaki na kazi, na hakuwahi kumwambia. Sentensi ya kamati nayo imefutwa. Mkuu wa marubani alikuja na kalamu, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika pembeni ukweli wake na kutia sahihi. Imechelewa, lakini iko kwenye jalada.

Mengine niyataje kwa ufupi, maana mwenyewe hapendi makuu. Ana zaidi ya saa elfu kumi na saba angani. Marubani wasaidizi thelathini na mmoja wamepita mikononi mwake, na ishirini kati yao ni makapteni. Hakuwahi kuchelewa zamu, isipokuwa siku aliyozaliwa mjukuu wake, na siku hiyo alipiga simu yeye badala ya kupigiwa. Mafundi wanamtaja kama rubani pekee anayeandika kasoro ya ndege kwa mwandiko unaosomeka. Nilipomuuliza atafanya nini baada ya kustaafu, alinionyesha baiskeli mpya iliyoegemezwa ukutani. Akasema ameichagua kwa sababu ina kiti kimoja tu.

Mcheza kwao hutunzwa. Ijumaa saa kumi na moja jioni tutakutana kwenye ukumbi wa chakula kumtunza, na kila mmoja anaombwa kufika. Lakini kabla ya hapo kuna safari ya mwisho, na kabla ya safari kuna karatasi ya zamu, ambayo ni kazi yangu. Wiki iliyopita mkuu wa marubani alikuja mezani kwangu. Kwa kawaida yeye hapangwi, hujipanga. Akaitazama karatasi ya Ijumaa, akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya rubani msaidizi akaandika jina lake mwenyewe. Akaniuliza ni nani ofisini anayeweza kumwazima vitambaa vya mistari mitatu, kwa kuwa vyake alivitupa zamani. Nikamwambia ninamjua mtu mwenye vya akiba, kwenye mfuko wenye uzi wa buluu.

Mzee wetu, najua utalisoma jarida hili kabla ya simu yangu. Jifanye hujalisoma. Ahsante kwa miaka thelathini na minne, kwa kila mia moja na sita uliowapeleka na kuwarudisha, na kwa meza hii ya dirishani ambayo bado nimeikalia kwa sababu yako. Tunakuombea afya, amani ya nyumbani, njia tambarare kwa baiskeli yako, na uzee mwema pamoja na Mwalimu. Alhamisi saa kumi jioni utaniuliza upande gani. Nitaweka kidole juu ya jina lako, nitausoma mstari mara mbili, kisha nitakwambia: kushoto, Kapteni. Na mara hii nitakuwa nimemwambia mtu mmoja tu.